Bei ya Pili

Tarehe 13 Agosti 2020, kwa saa chache tu, mtu aliyekuwa akicheza Fortnite kwenye iPhone aliona kitu ambacho kanuni za duka la Apple zilikuwa zinakikataza: bei mbili za bidhaa moja. V-Bucks 1,000, zile pesa za ndani ya gemu, zilikuwa dola 9.99 ukilipa kupitia Apple, na dola 7.99 ukilipa moja kwa moja kwa Epic Games, wenye gemu yao. Vitufe viwili kwenye skrini moja. Chagua.

Siku haikuisha kabla Apple haijaiondoa Fortnite dukani. Google nao wakafanya vivyo hivyo kwenye Play Store. Epic walikuwa wamejipanga kitambo: karatasi za kesi zilikuwa tayari, na video ya kuwakejeli Apple ilikuwa imesharekodiwa. Walitaka kufukuzwa, wakafukuzwa, wakaenda kortini siku hiyo hiyo.

Najua unangoja ile methali ya fahali wawili na nyasi. Leo siitumii. Nyasi haina akaunti ya benki. Sisi tunazo, hata kama zimekauka, na pesa wanazogombania hawa wakubwa zinatoka humo.

Tangu siku hiyo watu wamebishana kuhusu nambari moja: 30. Je, mwenye duka la apu ana haki ya kuchukua asilimia 30 ya kila kinachouzwa ndani? Nadhani nambari hiyo imekula muda wetu mwingi kuliko inavyostahili, kwa hivyo acha niimalize haraka.

App Store ilifunguliwa Julai 2008, na mgao ukawa asilimia 70 kwa aliyetengeneza apu na 30 kwa Apple. Nambari yenyewe haikutokana na hesabu ya gharama za kuendesha duka. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, huanzia hapo hapo kwenye 30, na hushuka hadi 25 na 20 tu kwa gemu ambazo zimeshauza mamilioni ya dola. Sony, Microsoft na Nintendo hukata kiwango hicho kwenye mashine zao za gemu, na Epic huwalipa bila kuwapeleka kortini. Kesi iliposikilizwa Oakland, California, mwezi wa Mei 2021, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers alikubali ushahidi kwamba faida ya uendeshaji ya App Store ilikuwa zaidi ya asilimia 75. Apple walipinga hesabu hiyo. Hata ukiwapunguzia, bado ni faida ambayo muuza mitumba wa Gikomba hawezi hata kuiota.

Ni nyingi? Mno. Ni dhuluma? Hapo ndipo mimi hukwama, kwa sababu sijawahi kukutana na mtu anayeweza kuniambia asilimia ya haki ni ngapi. Kumi na mbili, kama Epic wanavyokata kwenye duka lao la kompyuta? Kwa nini isiwe saba? Anayenunua sukuma wiki Marikiti alfajiri na kuiuza mara mbili ya bei huko mtaani hatumwiti mwizi. Tunajua alidamka saa tisa usiku, na tunajua pia kwamba hatua ishirini mbele kuna mwenzake ambaye bei yake tunaweza kuiuliza. Hiyo ya pili ndiyo inayonifanya nimlipe bila kinyongo. Bei inaweza kuwa juu na bado ikawa halali kati ya watu wawili, bora yule anayelipa aweze kujua kuna nini kingine sokoni.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogeuka kuwa hadithi. Katika vitu vichache nilivyotoka navyo pale ni mfanyabiashara mmoja wa nafaka ambaye hajaniacha mpaka leo. Yumo katika kitabu cha Cicero, Mroma, kilichoandikwa mwaka wa 44 kabla ya Kristo, kuhusu wajibu wa binadamu. Kisa chenyewe ni hiki. Kisiwa cha Rhodes kina njaa. Mfanyabiashara mwema anatoka Aleksandria na jahazi la nafaka, na njiani ameona majahazi mengine yaliyojaa nafaka yakielekea huko huko. Anafika wa kwanza. Watu wanalia njaa, bei iko mawinguni. Je, awaambie kwamba shehena nyingine ziko njiani, au anyamaze auze kwa bei ya juu?

Cicero anawaweka wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema: mimi nimeleta mali yangu, nimeitandaza, naiuza. Sikudanganya mtu. Kunyamaza si kuficha. Antipater, aliyekuwa mwanafunzi wake, anakataa: wewe ni binadamu kati ya binadamu, unawezaje kuwaficha watu kitu wanachokihitaji hivyo? Cicero mwenyewe anamwegemea mwanafunzi. Anasema, kwa ufupi, kwamba si kila ukimya ni kuficha. Kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako wewe, yule mwingine asijue jambo ambalo lingemfaa alijue.

Darasani tuligawanyika katikati. Wengi wetu tulikuwa upande wa Diogenes, kusema kweli, kwa sababu wengi wetu tulikuwa na biashara ndogondogo na tulijua hakuna mtu huingia sokoni kutangaza bei za jirani. Karne nyingi baadaye hata Thomas Aquinas alisema mfanyabiashara huyo hana deni la haki la kuwaambia, ingawa angefanya wema zaidi akisema. Kwa hivyo swali la Rhodes ni gumu kwelikweli, na silipuuzi.

Sasa weka mtu wa tatu kwenye kile kisiwa. Huyu hauzi nafaka. Ni mwenye bandari. Anamwambia kila nahodha anayetia nanga: uza upendavyo, nipe sehemu yangu, na ukimwambia mteja yeyote kwamba kuna jahazi lingine, au kwamba wewe mwenyewe unauza kwa bei nafuu upande wa pili wa kisiwa, nakufukuza bandarini. Sidhani kama Diogenes angemtetea huyu. Yeye alitetea haki ya muuzaji kunyamaza. Mwenye bandari amechukua ukimya huo akaufanya sharti, tena kwa watu ambao wanataka kusema.

Hiyo ndiyo kanuni ambayo Apple walikuwa nayo kwa miaka. Asilimia 30 ilikuwa juu ya meza, kila mtengenezaji aliiona akitia sahihi. Aliyekuwa haoni kitu ni wewe mteja. Ukijisajili Spotify kwenye tovuti yao, ulikuwa na bei moja; lakini ndani ya apu, kwenye iPhone, hawakuruhusiwa kukuambia bei hiyo wala kukuwekea linki ya kufika huko. Mwezi Machi 2024 Tume ya Ulaya iliwatoza Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8 kwa sababu ya ukimya huo.

Au kama wewe ni wa vitabu, kumbuka apu ya Kindle. Ulikuwa unaweza kusoma sampuli ya riwaya kwenye iPhone, ukafika mwisho wake ukiwa na kiu, na kusiwe na mahali pa kununua. Hata sentensi moja ya kusema "nenda kwenye tovuti yetu" haikuwepo. Watu wengi walidhani apu imeharibika.

Mimi naishi ndani ya jambo hili kila wiki, kwa kiwango cha vumbi. Tovuti ninayopatia vibarua vya kuandika inakata asilimia 20. Mteja akilipa dola 50, mimi naona 40. Sina ugomvi na hizo kumi, wallahi. Walinitafutia mtu aliye Kanada ambaye nisingempata maishani, na wanashika pesa yake mpaka nimalize kazi, kwa hivyo hakuna kuibiwa. Ukiandika nambari ya simu kwenye ujumbe, mfumo unaigeuza nyota nyota. Barua pepe, nyota. Sawa, labda wanazuia matapeli. Lakini mteja huyo aliwahi kuniuliza, kwa adabu kabisa, mbona bei zangu ni za juu kidogo kuliko za mwenzangu aliyemwajiri nje ya tovuti. Jibu ni sentensi moja: sehemu ya tano ya unacholipa hainifikii. Kanuni za tovuti zinahesabu sentensi hiyo kuwa kosa la kufungiwa akaunti. Nikamwandikia kitu kuhusu ubora wa kazi yangu. Watu wazima wawili, mmoja anauliza swali la haki, mwingine ana jibu la kweli, na katikati yao amekaa mtu wa tatu ambaye biashara yake inategemea jibu hilo lisitoke.

Hoja ya Apple ninaipa heshima yake, kwa sababu si ya kijinga. Wanasema: hakuna duka duniani linalomruhusu mwenye bidhaa kubandika bango kwenye rafu likisema "hii hii ni nafuu kule mtaa wa pili". Ukiwaruhusu, kila mtu atatumia duka letu kama kioo cha kujionyeshea, kisha akauzie nje bure.

Ingia supermarket yoyote ya Nairobi uchukue pakiti ya unga. Nyuma imeandikwa jina la kampuni, anwani, nambari ya simu, mara nyingi na tovuti. Hakuna meneja anayepita na kalamu nyeusi akizifuta. Ukitaka kupigia kampuni ya unga ununue magunia mia kwa bei ya jumla, supermarket haina habari wala haikudai kitu. Na ukitoka nje ya mlango huo kuna kiosk. Simu ni duka ambalo hutoki. Umelinunua kwa pesa nyingi, picha zako ziko humo, na ili kuingia duka la pili unahitaji kununua simu nyingine.

Halafu hii habari ya kutumia duka bure. Apu ya benki yako iko kwenye App Store. Ya teksi iko. Ya kuletewa chakula iko. Hizo hazilipi kamisheni kwa huduma zinazouzia humo, kwa sababu kanuni inahusu bidhaa za kidijitali pekee. Zinalipa ada ya mwaka ya dola 99 kama mtengenezaji mwingine yeyote, basi. Nani anayelipia jengo? Hukumu ya 2021 inatoa jibu ambalo nililisoma mara mbili: karibu asilimia 70 ya mapato ya App Store ilitoka kwenye gemu, na pesa hizo za gemu zilitoka kwa chini ya asilimia 10 ya wateja wote wa duka. Kwa hivyo kuna kundi dogo la watu, wanaonunua mavazi ya wahusika na sarafu za kubuni usiku wa manane, ambao wanabeba paa la soko zima. Ukiniambia 30 ni kodi ya nyumba, nitakuuliza mbona wapangaji wengi wanakaa karibu bure na mmoja analipa ya ghorofa nzima, na mbona ni yeye hasa aliyezibwa masikio.

Jaji alitoa hukumu tarehe 10 Septemba 2021. Apple walishinda madai tisa kati ya kumi. Hawakupatikana na ukiritimba. Epic waliamriwa kulipa asilimia 30 ya walichokusanya kupitia kile kitufe chao, zaidi ya dola milioni 3.6. Dai moja waliloshinda ni hilo la ukimya: chini ya sheria ya California ya ushindani usio wa haki, Apple hawawezi kuwakataza watengenezaji kuwaambia wateja kwamba kuna njia nyingine ya kulipa. Mahakama ya rufaa ikakubali mwaka wa 2023, na Januari 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza.

Magazeti mengi yaliandika kwamba Epic walishindwa, na kwa hesabu ya mawakili ni kweli. Mimi naona jaji aligusa kidonda chenyewe.

Kilichofuata kinafaa kufundishwa shuleni. Apple walitii. Waliruhusu linki. Kisha wakasema: mteja akibonyeza linki hiyo na kununua kitu kwenye tovuti yako ndani ya siku saba, utatulipa asilimia 27. Toa 27 kwa 30, zinabaki tatu, ambazo kampuni ya kadi itazimaliza. Bei ya pili iliruhusiwa kuwepo mradi iwe sawa na ya kwanza. Kabla ya kufika huko, mteja alitokezewa na skrini nzima ya onyo. Nyaraka za ndani zilizofika kortini zilionyesha wafanyakazi wakijadiliana ni maneno gani yatamtia mtu woga zaidi. Soma hapo tena polepole. Watu wenye digrii, wanaolipwa vizuri, wamekaa wakipima neno lipi litakutisha usiende mahali ambapo bei ni nafuu.

Tarehe 30 Aprili 2025 jaji yule yule aliwapata na hatia ya kukaidi amri yake kwa makusudi. Aliandika kwamba afisa mmoja wa fedha wa Apple alidanganya chini ya kiapo, akapeleka suala hilo kwa waendesha mashtaka, na akaamuru kamisheni kwenye linki za nje isitozwe tena. Apple wakakata rufaa. Mei 20 Fortnite ikarudi kwenye iPhone za Marekani.

Unaweza kudhani nawashangilia Epic. Hapana bana. Zile dola 7.99 zilikuwa za kununua nini? V-Bucks. Na V-Bucks zipo kwa nini? Mtoto anayetaka ngozi mpya ya mhusika wake haoni dola kwenye bei ya ngozi, anaona V-Bucks 1,200 au 800, na vifurushi vilikuwa vikiuzwa kwa idadi ambazo mara nyingi hazikulingana na bei ya ulichotaka, kwa hivyo ulibaki na chenji isiyonunua kitu. Hiyo nayo ni njia ya kumzuia mtu asijue analipa kiasi gani. Desemba 2022 Epic walikubali kulipa dola milioni 520 katika mapatano na Tume ya Biashara ya Marekani. Milioni 275 zilikuwa kwa sababu ya faragha ya watoto. Milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wachezaji pesa, kwa kuwa vitufe vilipangwa hivi kwamba mtu aliweza kutozwa akijaribu tu kuiamsha gemu iliyolala, au ikiwa bado inafunguka. Na wengine waliolalamika kwa kampuni za kadi wakafungiwa akaunti zao.

Kwa hivyo kampuni iliyosimama kortini ikidai mteja aambiwe bei ilikuwa imejenga gemu ambamo bei hufichwa kwa rangi nzuri. Hilo halifuti hoja yao. Mlevi akikuambia nyumba inaungua, toka nje kwanza. Lakini linanifanya nisite kuita kesi hii vita vya uhuru, neno ambalo wao hulipenda sana. Uhuru waliokuwa wakiudai ulikuwa wa wao kuzungumza na mteja. Wa mteja kuelewa alichoambiwa haukuwemo kwenye karatasi za kesi.

Google, kwa upande wao, walishindwa vibaya zaidi. Desemba 2023 jopo la raia huko San Francisco liliamua kwa kauli moja kwamba Play Store ni ukiritimba haramu, ingawa Android ndiyo inayokuruhusu kupakia apu kutoka nje. Watu walishangaa: aliyefunga mlango kabisa ameshinda, aliyeuacha wazi kidogo amefungwa? Kesi mbili tofauti, ushahidi tofauti, na moja iliamuliwa na jaji peke yake. Ila kimaadili sioni ajabu. Google waliahidi soko wazi, halafu ushahidi ukaonyesha walikuwa wakiwalipa watengenezaji wakubwa wasiende kwingine. Ukivunja ahadi, unaulizwa kuhusu ahadi.

Huku kwetu wengi tuko kwenye Android, na Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010 tunayo, pamoja na Mamlaka yake. Inakataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya nguvu hiyo. Kijana wa Kenya anayetengeneza gemu chumbani mwake yuko chini ya kanuni zilizoandikwa California, na hapa nyumbani sijasikia akiulizwa kama anaruhusiwa kumwambia mteja wake bei halisi ya kitu alichokitengeneza mwenyewe. Wakija kuuliza, natumaini hawataanza na 30.

Mwezi Mei 2025, siku chache baada ya amri ya jaji, apu ya Kindle kwenye iPhone ilipata kitufe cha kukupeleka kununua kitabu kwenye tovuti. Kitufe kimoja, baada ya miaka yote hiyo. Amri hiyo ilihusu duka la Marekani pekee. Akaunti iliyofunguliwa Kenya haimo, kwa hivyo mtu aliye Umoja au Rongai na iPhone yake ya mkono wa pili hakuletewa chochote: alisoma sampuli mpaka ukurasa wa mwisho, akatafuta pa kubonyeza, kisha kimya.